Bili Ishalipwa

Wiki yangu ya kwanza Isiolo niligombana na mzee kwa sababu ya shilingi 80. Hakuwa ameniibia. Alikuwa amenilipia chai na chapati.

Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye hoteli ndogo karibu na steji, katika kile chumba cha nyuma chenye pazia ambako wanawake na familia huketi. Niliposimama kulipa, mama mwenye hoteli alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Bili ishalipwa." Na nani? Akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni, ambako mzee mwenye kofia ya kufuma na ndevu zenye hina alikuwa anachukua bakora yake aondoke. Hatukuwa hata tumesalimiana.

Sasa, mimi ni msichana wa Nairobi. Kwetu, mwanamume usiyemjua akikulipia kitu, kuna swali linalokuja nyuma ya hicho kitu, na kawaida ni swali la namba ya simu. Mama yangu alinifundisha nisiende popote bila nauli ya kurudi, hata nikialikwa na mtu ninayempenda. Kwa hivyo nilimfuata mzee hadi nje nikamnyooshea noti ya 100. "Asante mzee, lakini mimi hujilipia." Aliitazama noti, akanitazama, akawatazama watu waliokaa barazani, ambao sasa walikuwa wamenyamaza wote. "Weka, binti yangu," akasema. "Wewe ni mgeni." Akaenda zake bila kugeuka.

Nikarudi ndani nikamwambia mama achukue hiyo pesa. Akacheka. "Unataka kununua nini? Chai ushakunywa."

Hilo swali lake nimetembea nalo tangu siku hiyo. Nilikuwa nataka kununua nini?

Nilifika Isiolo kwa kazi, mkataba wa miaka miwili. Ukitoka Nairobi unapanda hadi Nanyuki, unapita Timau kwenye mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya, halafu baada ya Subuiga barabara inateremka na joto linapanda kila unapokata kona. Ukifika chini ushavua sweta. Ni kama kilomita 280 tu. Lakini siku ya pili kazini mwenzangu aliniuliza kwa upole kabisa, "Na huko Kenya, mvua imenyesha?"

Nilidhani ni mzaha. Si mzaha. Watu wengi wa kaskazini husema hivyo: fulani ameenda Kenya, fulani amerudi kutoka Kenya. Nilikasirika kidogo, nikasema hapa pia ni Kenya. Akanijibu, "Tunajua. Nyinyi ndio hamjui."

Baadaye nilisoma historia ambayo shuleni tulipewa kwa aya moja. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, na mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya kuwabana wakazi wake. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Ofisi iliyolisimamia eneo hilo lote ilikuwa hapa Isiolo, yaani mji huu ulikuwa mlango, na mlango ulikuwa na kufuli. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, huku ulifuatwa ndani ya mwezi huohuo na hali ya hatari, kisha vita vya Shifta hadi 1967. Miezi michache kabla ya uhuru, Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Nimepita Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi mara elfu nikienda kununua viatu. Sikuwahi kujiuliza Wabera ni nani. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wahakikiwe upya na kubeba kadi ya pili juu ya kitambulisho. Kwa miaka mingi lami yenyewe ilikuwa inaishia Isiolo. Barabara ya kwenda Moyale ilikamilika juzijuzi tu, katika muongo uliopita.

Kwa hivyo "kwenda Kenya" hayakuwa maneno ya uchungu tu. Yalikuwa maelezo sahihi ya jinsi nchi ilivyopangwa. Sheria iliondoka, msemo ukabaki. Na mimi, niliyekuja na kitambulisho changu na uhakika wangu wote, nilikuwa mgeni katika nchi ya kigeni ambayo ilikuwa nchi yangu.

Nchi ya kigeni unaijua kwanza kwa tumbo. Nilijifunza kula anjera na chai asubuhi. Nilijifunza kwamba ndizi mbivu inaletwa na wali wa nyama ya mbuzi kwa sababu inaliwa pamoja nao, si baadaye. Nilijifunza nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta hadi inakaa wiki na wiki. Chai ya maziwa ya ngamia ilinishinda siku ya kwanza kwa ule moshi wake, maana vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni. Leo chai isiyo na moshi naiona kama maji. Susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, bado tunaheshimiana kwa mbali. Kwenye harusi moja ya Waborana nilipewa buna, kahawa iliyokaangwa na ganda lake kwenye samli, na bibi mmoja akanionyesha kwamba hiyo inatafunwa.

Lakini kujua chakula si kukaa. Mtalii pia anajua chakula. Nilichukua muda kuelewa kwamba somo gumu halikuwa kwenye sahani, lilikuwa kwenye bili.

Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 insha maarufu kuhusu zawadi. Alisema katika jamii nyingi zawadi ina wajibu mara tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Tunakumbuka sana ule wa kwanza na wa tatu. Wa pili, wa kupokea, tunausahau, kwa sababu mjini tunadhani kupokea ni jambo la hiari. Mauss anasema kukataa kupokea ni kukataa uhusiano. Ni kama kutangaza ugomvi. Mimi barazani pale, na noti yangu ya 100, nilikuwa nimemwambia mzee mbele ya watu: sitaki kuwa na lolote na wewe. Hilo ndilo nililotaka kununua. Nilitaka kununua kutodaiwa.

Sisemi kujilipia ni kosa. Wanawake wengi wa rika langu tumepigania haki ya kushika bili yetu wenyewe, na kuna zawadi ambazo ni ndoano. Nimezikuta Nairobi, na Isiolo pia zipo. Lakini ndoano unaitambua: mvuvi hubaki kuangalia kama umemeza. Yule mzee hakugeuka. Hakujua jina langu na hakulitaka. Alilipa kwa sababu mtu aliyekuwa mgeni alikuwa anakula peke yake, basi.

Nikaacha kubisha. Wakati mwingine nililipiwa, wakati mwingine nikawahi kulipia wengine kabla hawajafika kwa mama. Ikawa kama mchezo. Mama mwenye hoteli akaanza kuniita binti yake, na sahani yangu ikawa haiulizwi. Nikawa najisifu kwenye simu kwamba nimekuwa mtu wa Isiolo. Hapo ndipo palipokuja jambo ninalotaka kulieleza, na si jambo la kujisifia.

Mama ana binti wa miaka 19. Alipata nafasi ya chuo Nairobi, akawa anahitaji chumba karibu na chuo. Sasa, mama yangu mzazi ana ploti yenye vyumba vya kupangisha, na ni dakika 15 kwa miguu kutoka chuo hicho. Nilijua kuna chumba kimoja kitupu kwa sababu alikuwa analalamika kila Jumapili kwamba mwezi wa pili huu hakiingizi kitu. Nilifurahi sana. Hata kabla ya kupiga simu nilimchorea yule msichana njia: unashuka steji hii, unapita duka la dawa, geti la kijani.

Halafu nikapiga simu.

"Ni mtu wa wapi?" mama aliuliza.

"Wa huku. Binti wa mama mmoja ninayekula kwake."

Kimya. Kisha: "Ni wale watu?"

"Ni msichana mmoja, Mama."

"Leo ni mmoja, kesho ni kumi. Halafu polisi wakianza kubisha usiku, ni nani atafunguliwa kesi? Si ni mimi mwenye nyumba?"

Mama yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kupika sufuria kubwa Krismasi na kuita watoto wa mtaa mzima. Lakini anakumbuka Aprili 2014, ile oparesheni ya Usalama Watch, malori ya polisi Eastleigh usiku na watu kwa maelfu kufungiwa uwanjani Kasarani. Wengine waliona tukio hilo wakajifunza kuiogopa serikali. Yeye alijifunza kuwaogopa waliokamatwa. Ningeweza kubishana naye. Ningeweza kumwambia huyo mama ndiye anayenilisha mtoto wake huku. Nilisema, "Sawa, Mama," nikakata simu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu kubishana na mama yako ni kazi.

Kesho yake nikaenda hotelini nikasema uongo. "Chumba kimechukuliwa."

"Hakuna shida," mama akasema. "Mungu atatoa." Akanisukumia sahani. "Kula." Nikala. Nilipotoa pesa, akapunga mkono. Bili ishalipwa.

Je, mtu anaweza kula mezani kwa mtu aliyemfungia mlango? Mdomo unaweza, nimeshuhudia. Swali ni kama ana haki ya kula. Nilijitetea kwa wiki kadhaa, na utetezi wangu nauandika hapa kwa sababu nadhani si wangu peke yangu.

Kwanza nilijiambia: ploti si yangu, ni ya mama. Ni kweli. Lakini uongo ulikuwa wangu, na kunyamaza kwenye simu kulikuwa kwangu. Mtu hawajibiki kwa mlango usio wake. Anawajibika kwa sauti yake mbele ya mlango huo.

Pili nikajiambia: nitalipa kwa njia nyingine. Nikamnunulia yule msichana begi zuri la chuo. Alishukuru sana. Ilikuwa ileile noti ya 100, imekua tu.

Utetezi wa tatu ndio ulionisumbua, kwa sababu una akili. Nilijiambia: kama ile chai ilikuwa zawadi ya kweli, bila masharti, basi sidaiwi. Mzee hakuniambia "nakulipia ili siku moja umpe mtoto wa fulani chumba." Zawadi ikiwa na deni si zawadi tena, ni mkopo. Sasa naambiwa nilipe nini?

Jibu nililolipata ni hili. Mzee hanidai. Mama hanidai. Wao walinipa, wakasahau. Kinachonidai ni kile nilichokikubali nilipoketi. Kila nilipokunywa chai ile nilikuwa natumia kanuni moja: kwamba mtu asiyejulikana, aliyetoka mbali, mwenye lafudhi nyingine na dini nyingine, anastahili kuketi na kula kwa amani kabla hajaulizwa ni wa nani. Nilinufaika na kanuni hiyo kila siku. Siwezi kuitumia mwisho mmoja wa barabara na kuikana mwisho wa pili. Nikiikana Nairobi, basi Isiolo sikuwa mgeni. Nilikuwa mlaji tu.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kufika nchi ya watu bila kutendewa kama adui, kwa sababu uso wa dunia ni wetu sote na hakuna aliyezaliwa na haki kubwa kuliko mwenzake ya kuwa mahali fulani. Lakini alitenganisha haki ya kuzuru na haki ya kukaa. Ya pili, alisema, inahitaji makubaliano maalumu. Nikisoma hayo nacheka kwa uchungu. Yule msichana si mzuru. Kifungu cha 39 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote Kenya. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mipakani. Makubaliano yapo, yameandikwa. Lakini katiba haina funguo za vyumba. Funguo ziko kwa mama yangu, kwa keretaka wako, kwa wewe unayetafuta mtu wa kugawana naye kodi na kuandika "tunapendelea mtu wa aina fulani."

Kila siku, maziwa ya ngamia yanapakiwa Isiolo kwenye mitungi na kupandishwa basi hadi Eastleigh. Ni biashara ya wanawake. Kikundi cha Anolei kimejulikana kwayo kwa miaka. Maziwa hayo yanaingia Nairobi bila kuulizwa asili yake. Yanachemshwa, yananyweka, tunasema ni mazuri kwa afya. Mwenye maziwa akija kuuliza chumba, tunauliza "ni wale watu?" Tumekubali kula vya kaskazini. Kuishi na kaskazini bado tunafikiria.

Ramadhani ilipofika, hoteli ikawa inafungwa mchana na mama akawa ananiita nyumbani kwake kufuturu. Siku moja, baada ya tende na uji, wengine wakiwa wameenda kuswali, nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya mama yangu, ila sikutaja "wale watu", nikasema "aliogopa."

Hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Alienda pale. Si ulimwonyesha njia? Alikuta kibao cha chumba bado kiko getini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimuuliza mbona aliendelea kunilisha. Akaniangalia kana kwamba ndiye mgeni wa lugha.

"Sasa ningefanya nini? Nikuache na njaa?"

Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa msamaha, na sikukichukua hivyo. Alisema, "Lakini siku hiyo ulikula haraka sana. Nikajua kuna kitu." Akaanza kukusanya vikombe. Nikamsaidia. Hatujalizungumzia tena.

Ningependa kuwaambia mambo yaliisha vizuri. Desemba nilienda nyumbani na mkebe wa nyirinyiri. Mama yangu alionja kwa mashaka, akarudia, akarudia tena, akauliza inatengenezwa vipi. Nikamwambia imetengenezwa na mama wa yule msichana. Safari hii sikukata maneno. Nilimweleza chai, mzee, kila kitu, na kwamba nilidanganya kwa sababu ya ploti yake. Alinyamaza muda mrefu huku akifunga mkebe. "Nitafikiria," alisema. Mkebe ulirudishwa kabatini, na kesho yake ulikuwa umefika nusu.

Msichana anakaa kwa jamaa zake Eastleigh. Anapanda matatu mbili kila asubuhi, mbili jioni. Anapita karibu na geti la kijani.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia hotelini na begi mgongoni, macho ya mtu wa siku ya kwanza. Alikuwa anaisusia ndizi iliyokaa kando ya wali. Nilimlipia, nikatoka. Alinifuata mbio hadi barazani na noti mkononi: "Sista, samahani, mimi hujilipia." Nikamwambia aweke. Nikaendelea na safari, nikiwa nimejaa utamu moyoni, kama mtu aliyemaliza deni.

Nilifika karibu na msikiti ndipo utamu ukaisha. Shilingi 80 si deni langu. Kulipia watu chai Isiolo ni rahisi, kila mtu hapa anafanya. Deni langu liko Nairobi, limening'inizwa getini, na limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuna chumba.

Jumapili nitampigia mama tena.